Maswali kwa Bibi: Kwa Nini Wadenmark Waliulizwa Mara Mbili

Mwezi uliopita niliandika hapa mistari minne tu kuhusu siku niliyofagia ukumbi wa kupigia kura mjini Copenhagen mwaka 1992, Wadenmark walipoukataa mkataba wa Ulaya, kisha mwaka uliofuata wakaulizwa tena wakakubali. Nilidhani itapita hivi hivi. Kumbe! Barua zimekuja nyingi kuliko zile za mambo ya ndoa. Nimechagua chache, nyingine mnisamehe. Na kabla sijaanza: naandika "Wadenmark" makusudi. Kuna waliosema niandike "Wadeni", lakini mdeni ni mtu mwingine kabisa, na wale watu hawapendi madeni.

Shikamoo Bibi. Kila nikisoma habari za Ulaya nakutana na watu wanaoitwa wenye mashaka na Umoja wa Ulaya. Hawa wanataka nchi zao zitoke, au ni walalamikaji tu? – Mwanafunzi

Marahaba, mjukuu wangu. Wote wawili wamo humo, ndiyo maana unachanganyikiwa. Neno lenyewe lilianza kutumika kwenye magazeti ya Uingereza miaka ya 1980 na tangu hapo limekuwa kapu, kila mtu anatupiwa humo.

Kidenmark kina maneno mawili. Yupo *skeptiker*, mwenye shaka, na yupo *modstander*, mpinzani. Mimi niliwajua wote wawili kwa sababu walikuwa mke na mume, chini ya ngazi za nyumba niliyokuwa nikiishi. Mke alikuwa mpanga herufi kiwandani mwa uchapaji, mtu wa chama cha wafanyakazi hadi kwenye kucha. Yeye alikuwa mpinzani: hakutaka nchi yake iwemo kabisa, tangu kura ya 1972 ambayo upande wake ulishindwa. Mume alitaka biashara lakini hakutaka serikali ya juu. Kuuziana nyama na mashine, sawa. Bendera, sarafu na jeshi la pamoja, hapana. Walikuwa wakibishana wakati wa kula hadi mimi nasikia juu.

Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba wataalamu wawili wa siasa, Paul Taggart na Aleks Szczerbiak, wameyagawa mashaka haya mafungu mawili, magumu na laini. Nikacheka. Ni wale jirani zangu wale.

Ila kuna mgawanyiko mwingine ambao usiusahau. Yule mama alikuwa mrengo wa kushoto. Hofu yake ilikuwa hospitali, pensheni na mishahara, kwamba soko la pamoja litavishusha vyote hadi usawa wa nchi zenye huduma duni. Mwaka 1995 kikazaliwa chama cha mrengo wa kulia, Dansk Folkeparti cha Pia Kjærsgaard, na hofu yao wao ilikuwa mipaka na wageni, watu kama mimi. Kwenye sanduku la kura wanaweka "Hapana" ileile. Ukiwaweka meza moja watarushiana vikombe.

Bibi, ulisema Wadenmark walikataa mkataba halafu wakapigishwa kura tena mpaka wakakubali. Hiyo ni demokrasia gani? – Baba wa Watatu

Hili nililiona kwa macho yangu, kwa hiyo nivumilie, jibu ni refu.

Nilikuwa na miaka sita Copenhagen, mfagizi wa shule moja mtaa wa Nørrebro. Kule kura hupigwa kwenye kumbi za mazoezi za shule, kamba na ngazi za kuparamia ziko ukutani vilevile. Sikuwa raia, kwa hiyo Jumanne ya tarehe 2 Juni 1992 sehemu yangu katika historia ya Ulaya ilikuwa kupanga meza alfajiri na kufagia usiku.

Swali lilikuwa mkataba wa Maastricht, uliotiwa saini Februari mwaka ule. Ndio ulioigeuza Jumuiya ya Ulaya kuwa Umoja, ukaandaa njia ya sarafu moja, ukaleta uraia wa Umoja na siasa ya nje ya pamoja. Ni mzigo mzito. Serikali iligawa nakala bure, na niliwaona watu wakizisoma kwenye basi kama wanaojiandaa kwa mtihani.

Na kwa nini waliulizwa? Si kwa hisani ya mtu. Katiba yao, kifungu cha 20, inasema mamlaka ya nchi hayakabidhiwi chombo cha kimataifa mpaka wakubali wabunge watano kati ya kila sita. Wasipofika hapo, wananchi wanaamua. Bunge lina viti 179, kwa hiyo zilitakiwa kura 150. Tarehe 12 Mei wabunge 130 walisema ndiyo na 25 hapana. Ndiyo nyingi, lakini haikutosha. Ikabidi kuuliza.

Wiki tatu baadaye asilimia 50.7 wakasema hapana. Waliojitokeza walikuwa zaidi ya asilimia 83, na tofauti ilikuwa kura elfu arobaini na sita na ushei. Tazama hesabu hiyo tena: bungeni ndiyo ilikuwa mara tano ya hapana, mitaani hapana ikashinda. Mimi nadhani ugonjwa wote wa miaka iliyofuata umo kwenye pengo hilo.

Kisheria mkataba ulihitaji kuridhiwa na nchi zote 12. Nchi moja ya watu milioni tano imekataa, basi yamekwisha. Lakini siku mbili baadaye mawaziri wa nje wakakutana Oslo wakasema mkataba haufunguliwi tena, wengine waendelee kuridhia na mlango uko wazi kwa Denmark. Kwa lugha ya nyumbani: tumekusikia, sasa nenda kafikirie tena. Septemba Wafaransa nao wakaulizwa, wakakubali kwa asilimia 51 na chembe. Hapo watu wa Brussels, makao makuu ya Umoja, wakatambua kwamba si Wadenmark peke yao.

Kuna kichekesho cha majira yale ambacho siwezi kukiacha. Timu ya mpira ya Denmark haikuwa imefuzu michuano ya Ulaya. Yugoslavia ikafungiwa kwa sababu ya vita, Denmark wakaitwa dakika za mwisho. Tarehe 26 Juni, wiki tatu tu baada ya kura, wakawafunga Wajerumani 2–0 kwenye fainali. Nørrebro nzima ilikuwa barabarani. Yule mama mpanga herufi, ambaye mpira haujui, alipiga sufuria dirishani.

Turudi. Vyama saba vikakaa vikaandika maafikiano, na Desemba, kwenye mkutano wa Edinburgh, Denmark ikapewa mambo manne ya kutoshiriki: sarafu moja, ulinzi wa pamoja, uraia wa Umoja, na ushirikiano wa polisi na mahakama pale unapotolewa mikononi mwa serikali za nchi. Tarehe 18 Mei 1993 watu wakaulizwa upya, asilimia 56.7 wakakubali. Usiku ule vijana wakaingia mitaani Nørrebro kupinga, mawe yakarushwa, na polisi wakafyatua risasi zaidi ya mia moja. Watu 11 walijeruhiwa. Hakufa mtu, kwa rehema za Mungu. Nilizima taa nikalala sakafuni na binti yangu.

Je, walilazimishwa? Mimi nasema nusu. Swali la pili halikuwa la kwanza, yale mambo manne yalikuwa na uzito kweli, na nitakueleza mbele. Kwa hiyo anayesema walipigishwa kura ileile mpaka wachoke anaonea. Lakini serikali nyingine zilijifunza somo baya: kwamba hapana ya wananchi ni hitilafu ya muda. Waireland walikataa mkataba wa Nice mwaka 2001, wakaulizwa tena 2002. Wakakataa wa Lisbon 2008, wakaulizwa tena 2009. Nao walipewa ahadi fulani katikati.

Kilichoniudhi mimi ni cha 2005. Wafaransa walikataa katiba ya Ulaya kwa karibu asilimia 55, Waholanzi kwa zaidi ya 61, ndani ya siku tatu. Katiba ikafukiwa. Halafu sehemu kubwa ya yaliyomo ikahamishiwa kwenye mkataba wa Lisbon, na safari hii Paris na The Hague wakapitisha bungeni bila kumwuliza mtu. Denmark angalau iliuliza mara mbili. Hawa waliona swali lenyewe ndilo kosa. Ukimfanyia mtu hivyo, usishangae akianza kukipigia kura chama chochote kinachopiga kelele.

Bi mkubwa, heshima yako. Denmark ina krone yake, haimo kwenye yuro. Kwa hiyo ina mamlaka kamili ya fedha zake kuliko Ufaransa au Ujerumani, sivyo? Na ni nani aliyesema sheria ya Umoja inaishinda ya nchi? – Mhasibu

Mwanangu, wewe mhasibu ndiye uliyepaswa kunieleza mimi. Wadenmark walikataa yuro kwa kura mwaka 2000, asilimia 53. Noti ni zao. Lakini krone imefungwa kwenye yuro: takriban krone 7.46 kwa yuro moja, ikiruhusiwa kucheza asilimia 2.25 juu au chini, na kwa kweli haichezi hata hiyo. Kabla ya yuro ilikuwa imefungwa kwenye marki ya Ujerumani tangu 1982. Maana yake Benki Kuu ya Ulaya kule Frankfurt ikisogeza riba, Copenhagen kwa kawaida wanafuata. Mapema 2015 fedha zilikuwa zikimiminika Denmark kwa sababu watu walidhani kamba itakatika, na benki kuu ikashusha riba hadi asilimia 0.75 chini ya sifuri, kuwakimbiza. Na kwenye kikao cha Frankfurt kinachopanga riba Mdenmark hana kiti.

Basi kuna mamlaka ya kwenye karatasi na mamlaka ya kazini. Hata hivyo sisemi krone ni pambo. Kamba waliyoifunga wenyewe wanaweza kuifungua wenyewe, Jumatatu asubuhi wakitaka. Mgiriki mwaka 2015 hakuwa na hiyo. Julai 5 asilimia 61 walikataa masharti ya wakopeshaji, na tarehe 13 serikali yao ikakubali masharti makali, kwa sababu benki zilikuwa zimefungwa na yuro hazichapwi Athens kwa amri ya Athens.

Na ukitaka kuona kinyume chake, tazama Norway. Walikataa kujiunga 1972 na tena 1994. Lakini wanauza kwenye soko la pamoja, kwa hiyo wanafuata sheria zake nyingi na wanachangia fedha, ilhali zinapopigiwa kura hawamo chumbani. Samaki na kilimo wamebaki navyo mkononi, na hivyo ndivyo walivyovitaka. Kwa mengine, asiyekuwepo na lake halipo.

Kuhusu sheria ya Umoja kuishinda ya nchi, ambayo nayo umeiuliza: hilo halikuandikwa kwenye mkataba wa Roma wa 1957 ulioanzisha Jumuiya. Lilitoka kwa majaji, mwaka 1964, kwenye kesi ya wakili wa Milano aitwaye Flaminio Costa aliyekataa kulipa bili ya umeme ya lira 1,925. Kidogo hivyo! Mahakama ya Jumuiya ikasema nchi zilipojiunga zilipunguza mamlaka yao, na sheria ya baadaye ya nchi moja haiwezi kuitengua ya pamoja. Nchi zikanyamaza, kwa sehemu kubwa. Mahakama ya katiba ya Ujerumani haikunyamaza. Mwaka 1993, ikiamua kuhusu Maastricht hiyohiyo, ilisema itaangalia yenyewe kama Umoja unavuka ulichopewa. Wanasheria wanaendelea kugombania mstari huo hadi leo.

Bibi, ni kweli Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku ndizi zilizopinda? – Mpenda Ndizi

Kulikuwa na kanuni ya 1994, namba 2257, iliyosema ndizi ziwe hazina mkunjo usio wa kawaida. Ila hiyo ni kanuni ya madaraja ya soko, na ndizi za daraja la pili ziliruhusiwa kuwa na kasoro za umbo. Tango ndilo lililopimwa kweli kwa rula: daraja la juu lisizidi kupinda milimita 10 kwa kila sentimita 10. Ya tango ilifutwa 2009. Tena wafanyabiashara wenyewe ndio wanaopenda vipimo vya namna hiyo, maana tango lililonyooka linapangika vizuri kwenye sanduku. Magazeti ya London yaliuza sana kwa hadithi hizi.

Shikamoo Bibi. Wadenmark walikataa mambo mengi lakini wamebaki. Waingereza nao walikuwa na misamaha yao, hawakuwa kwenye yuro, mbona wakatoka? – Dereva wa Usiku

Marahaba. Hili ndilo swali lililonifanya nikae na barua zenu siku tatu.

Usemavyo ni kweli. Waingereza walikuwa na misamaha kuliko karibu mtu yeyote: hawamo kwenye yuro, hawamo kwenye mipaka ya wazi ya Schengen, na tangu 1984 walirudishiwa sehemu ya michango yao. Walijiunga 1973, wakaulizwa 1975 kama wabaki, asilimia 67 wakasema ndiyo. Miaka 41 baadaye, 23 Juni 2016, asilimia 51.9 wakasema wanatoka.

Watu watakutajia bahari, kumbukumbu za himaya, wahamiaji, magazeti. Vyote vimo. Lakini tofauti ninayoiona mimi ni siku ya Ijumaa.

Bunge la Denmark lina kamati ya mambo ya Ulaya. Kabla waziri hajaenda Brussels kwenye kikao kikubwa cha mawaziri, huja mbele ya kamati, kwa kawaida Ijumaa, akaeleza: jambo ni hili, nataka kusema hivi, nitakubali hadi hapa. Kama hakuna wingi wa wabunge unaompinga, anapewa idhini, ndipo anapanda ndege. Akikuta mambo yamegeuka sana, anarudi kuomba idhini nyingine. Utaratibu huu upo tangu mwaka wa kwanza wa uanachama, 1973. Una kasoro zake, wananchi wengi hata hawaujui. Lakini waziri wa Denmark akirudi nyumbani ni vigumu kusema "Brussels wametulazimisha". Wenzake walikuwepo alipoomba ruhusa.

Mawaziri wa London walirudi miaka arobaini wakisema hivyohivyo. Bi Thatcher ndiye aliyepigania soko la pamoja, serikali yake ikatia saini sheria ya pamoja ya 1986 iliyoondoa kura ya turufu kwenye mambo mengi ili soko hilo lijengeke. Mwaka 1988 akasimama Bruges kuonya kuhusu dola kubwa ya Ulaya inayoamuru kutoka Brussels. Yote mawili aliyaamini, sina shaka. Lakini nani aliwaambia wapiga kura kwamba la pili lilianza na la kwanza?

Au chukua 2004, nchi kumi zilipoingia, nyingi za mashariki. Wanachama wa zamani waliruhusiwa kuchelewesha kuwafungulia wafanyakazi wapya soko la ajira hadi miaka saba. Ujerumani ilichelewesha hadi 2011. Uingereza, Ireland na Sweden pekee ndizo zilizofungua wazi siku ya kwanza. Makadirio ya London yalisema wataongezeka watu 5,000 hadi 13,000 kwa mwaka. Wakaja mara nyingi zaidi ya hapo. Mimi sioni ubaya wa waliokuja, mafundi na wauguzi wale, mimi mwenyewe ni mhamiaji. Nasema tu kwamba uamuzi ulifanywa London, na 2016 hukumu ikapelekwa Brussels.

Hata rangi ya pasipoti! Walishangilia kurudishiwa pasipoti za bluu, wakati hapakuwa na sheria iliyowakataza. Kroatia imo ndani ya Umoja na pasipoti yake ni ya bluu.

Ukimwambia mtu kila siku kwamba jirani ndiye anayepanga mambo ya nyumba yako, siku ukimpa nafasi ya kumfukuza jirani atamfukuza. Halafu waliotaka kubaki walikuwa na wiki kumi za kampeni kufuta hadithi ya miaka arobaini.

Usidhani basi Denmark ni malaika. Mwaka 2014, kwenye uchaguzi wa Bunge la Ulaya, Dansk Folkeparti kiliongoza Denmark, kama chama cha UKIP Uingereza na cha Le Pen Ufaransa, mwaka huohuo. Ila baada ya kuona London inavyohangaika kutoka, vyama vingi vya namna hii vimeacha kusema "tutoke". Sasa vinasema "tubaki, tuibadilishe kutoka ndani". Mashaka magumu yamelainika, na mimi nadhani ya namna hiyo ndiyo yanayodumu.

Wewe Bibi unakula kwao, unalala kwao. Sema basi, wewe upande gani? – Asiyejificha

Hujanisalimia, lakini nitakujibu.

Nilipata uraia 2004. Mwaka 2015 tuliulizwa kama lile sharti la Edinburgh la kutoshiriki mambo ya polisi na mahakama ligeuzwe, bunge liwe linachagua lenyewe sheria zipi za Ulaya tuingie. Nilipiga hapana. Si kwa kuchukia polisi wa nchi nyingine. Nilitaka tu waendelee kuniuliza, kwa sababu nilikaa miaka kumi na minane nikifagia kumbi za kura nisiulizwe kitu. Asilimia 53 walikuwa nami.

Tarehe 1 Juni 2022 tukaulizwa kama sharti la kutoshiriki ulinzi wa pamoja lifutwe. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine Februari. Nilikumbuka 2004, Umoja ulipopokea ulinzi wa amani Bosnia kutoka kwa NATO, wanajeshi wa Denmark wakabidi waondoke kwa ajili ya karatasi ya Edinburgh. Nikapiga ndiyo, pamoja na asilimia 67.

Tulipigia ukumbi uleule wa shule. Nilimpeleka yule mama mpanga herufi, mumewe alishafariki, naye miguu haimbebi tena. Nilimshikia fimbo akiwa ndani ya kibanda, akakaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuweka alama moja. Njiani kurudi akaniuliza kama nimepiga hapana. Nikamwambia kura ni siri. Akasema, "Basi tumefutana, wewe na mimi," akaomba tupitie njia ya kivulini.